Usimfunike Bado

Mshangano, Songea
2 Julai 2024

Mwanangu Noela,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Dar? Sisi wazima, ila baridi ya Songea mwaka huu haina adabu. Simu siisikii vizuri, ndiyo maana naandika na kumpa kondakta wa basi.

Nimeambiwa mdogo wako Raphael ameshatolewa ule uvimbe kichwani. Nakutumia blanketi langu zito. Mfunike mpaka shingoni. Kwetu mgonjwa haachwi apigwe baridi, unajua.

Mama yako,
Theodosia

Dar es Salaam
7 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Hujambo wewe, na kuku wako?

Raphael hajaamka. Baada ya upasuaji ubongo umevimba, na fuvu halitanuki. Fikiria maharage yaliyolowekwa ndani ya chupa. Dawa za kwanza hazikutosha. Basi madaktari wamemlaza kwa dawa ya usingizi, juu ya godoro linalopitisha maji ya baridi, mwili upoe na ubongo utulie. Wameniambia wazi kwamba si kila mgonjwa anapona.

Mama, nilimshika mguu nikaukuta wa baridi kama wa marehemu. Nilipiga yowe, nikamfunika blanketi lako. Nesi Asma, binti kutoka Nalasi kule Tunduru, akaja mbio akalitoa. Nilidhani atanifokea. Akanishika mkono: "Dada, hata kwetu tungemfunika. Lakini leo baridi ndiyo dawa yake. Usimfunike bado."

Huyo dada hatulii. Mara apime joto, mara akague ngozi, mara amwinamie aone kama anatetemeka, maana akitetemeka mwili unapata joto tena. Sijaona mtu anayemlinda mgonjwa hivyo.

Binti yako,
Noela

Mshangano
11 Julai 2024

Noela mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole na kuuguza.

Barua yako ilinikasirisha, sikufichi. Baba yako alifia mikononi mwangu, baridi ya mtu naijua. Nikasema hao wanamuua mwanangu. Shangazi yako Lidwina akaisoma tena kwa sauti, tukafika pale Asma anapomwinamia. Nikamwambia arudie hapo. Mimi niliyemnyonyesha sidhani kama nilimtazama hivyo. Mwambie Asma, mama yake alizaa kweli.

Sasa nami nalala bila blanketi. Lidwina ananiita kichaa. Mwanangu akiwa kwenye baridi, tuwe wawili. Siku akifunikwa, nami nitajifunika.

Mama yako

Dar es Salaam
29 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Unaendeleaje na baridi?

Nisamehe kwa kimya. Walimpasha joto polepole mno, ubongo usije ukavimba tena, nami nilikosa moyo wa kuandika. Kisha Asma akaja na blanketi lako, kumbe alikuwa amelitunza kabatini. "Dada, sasa mfunike." Mikono yangu ilikataa, tukamfunika pamoja. Namheshimu mtu yule, Mama, siwezi kukueleza.

Raphael amefumbua macho. Mkono wa kulia bado mzito, maneno yanatoka moja moja. Nilipomsomea barua yako alicheka upande mmoja, akaomba kalamu. Maneno ya hapo chini kaandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Binti yako,
Noela

Mama, jifunike.
Mwanao