Kifo cha Mia na Kumi na Mbili

Dadar, Bombay
Machi 1957

Wifi yangu Vatsala,

Achari yako ya embe imefika. Chupa moja ilivuja, lakini tumeila hivyo hivyo.

Jana nilimpelekea kaka yako chakula studio, nikamkuta anakufa. Ni mara ya mia na kumi na mbili! Keshapigwa risasi, keshazamishwa, keshanyongwa, na mabango ya filamu hayajawahi kumtaja. Safari hii ni karani mzee anayefia kitini, bila neno hata moja la kusema. Wifi, kalamu ilimponyoka kwanza, kisha mkono ukaifuata polepole, na mafundi wa taa wakasahau kazi yao. Mimi mkewe, miaka ishirini namwona akifa, nilijiziba mdomo nisipige yowe.

Unaijua desturi yetu: aliyekufa mbele ya kamera lazima afumbue macho aicheke, mkosi uondoke.

"Haya mzee, cheka tukale!" mwongozaji akaita.

Kaka yako akakawia. Akafumbua macho, akanitafuta mimi, ndipo akacheka.

Njiani nikamuuliza, "Kukawia kote kule nako kulikuwa kuigiza?"

"Mama Nalini, fundi hatoboi siri yake."

Dawa zake za moyo nimeziona mfukoni mwa koti tangu sikukuu ya Diwali. Hajui kwamba najua.

Niishie hapa, wifi. Kala, kasinzia kitini mbele yangu. Naweka kalamu chini nimtazame, mpaka afumbue macho acheke.

Wako,
Kumudini