Siku Uliyonitafutia Mama Mkwe

Mama Rosa,

Nakuandikia kutoka kwenye mashamba ya mkonge, Korogwe. Mwandiko ni ule ule wa mtu aliyeishia darasa la tano, univumilie. Barua sikuifunga. Isomwe pale kaunta kwako mbele ya wote, kwa sababu nilikuaibisha mbele ya wote.

Nakukumbuka ulivyofika kijijini kwetu Mnyambe, Rosa mgongoni, umevuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji baada ya kijiji chenu kuchomwa moto. Tulibangua korosho pamoja, mikono imeungua kwa mafuta ya maganda. Chimakonde chako kilikuwa kama chetu, ila ukishtuka ulisema Kireno, nasi tukacheka. Rosa akaanza kuniita baba. Nawe ukaniita Baba Rosa, ingawa sikumzaa.

Tulipooana tukakaa kwa mama yangu. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, akapokelewa na mama mkwe na mjomba, akawalimia. Wenzangu wakanitania: "Mkweo yuko wapi umlimie? Mtoni?" Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Kisha ukapata kazi Masasi, kuosha vikombe kwenye mgahawa ulioungana na duka. Ukamwomba tajiri akujaribu kwenye mikate, ile ya kwenu yenye ganda gumu. Haukupita muda walimu na madereva wakawa wanauliza mkate wa Mama Rosa. Akakuweka kaunta, halafu ukawa unaagiza bidhaa za duka. Bado nakusikia ukimwambia muuza unga: "Kaka, wadudu hawa kawanyweshe chai kwako, hapa hatuna nafasi." Mwisho akakukabidhi mgahawa wote.

Ndipo uliponiambia, "Baba Rosa, nimepata chumba, na kiwanja nyuma yake. Sasa nina kwetu. Hamia."

Nami nikakujibu wafanyakazi wako wakisikia: "Nihamie kwa nani? Huna mama, huna mjomba. Nikae dukani kama gunia la mchele?"

Ulifuta kaunta iliyokuwa safi.

Wiki ile ile ukatuma neno nije Jumamosi na jembe langu, kama mkwe anavyokuja. Nilidhani unanikejeli. Jumamosi hiyo nilipanda basi kuja huku Korogwe.

Juzi amefika mtu wa Chiungutwa, huko huko Masasi, Myao, mtani wangu. Tulikuwa tunafunga matita ya mkonge akaniambia, "Wewe Mmakonde ni mjinga sana. Jumamosi ile yule mama mpishi mzee wa mgahawani alivaa kanga mpya awe mama mkwe wako. Mzee anayepima mchele dukani akawa mjomba. Wamekaa kwenye viti nje tangu asubuhi, kuku ameiva. Nilikuwa nakunywa chai pale. Jioni kuku wako nikamla mimi!"

Nilicheka kwa kuwa ni mtani. Kisha nikaenda kukaa peke yangu mpaka msimamizi akaja kunigombeza.

Ameniambia pia kwamba sasa unaongoza duka na mgahawa vyote viwili, na mmefungua mgahawa mwingine Newala. Kwamba akija mwanamke aliyevuka mto kama wewe, unampa kazi na unamfundisha kukanda unga kabla ya kumuuliza lolote. Nimefurahi, Mama Rosa. Nimeona haya pia. Nilikuwa nawaambia watu huna ndugu, kumbe wapishi na wapima mchele walikubali kuwa ndugu zako. Aliyekataa ni mimi, niliyekula chungu kimoja nawe.

Mgongo wangu umechoka na miiba imenimaliza vidole, lakini sikuandikii unihurumie, wala siombi kile chumba. Naomba umuulize mama mpishi na mzee wa mchele kama naweza kuja kuwaamkia. Nitakuja na jembe. Wakikataa, nitawapa shikamoo yao papo hapo barabarani, niliache jembe mlangoni, mpate la kulimia kile kiwanja, nami nitarudi kwenye mkonge.

Mwambie Rosa namkumbuka.

Ni mimi Baba Rosa, kama bado mnaniita hivyo.