Anwani Mbili za Nyumba Moja

3 Machi

Mwanangu,

Unisamehe kwa ukimya wa miezi minane. Nilikukasirikia kwa kuondoka bila kuaga, na leo hasira hiyo naiona ni upuuzi. Natumaini u mzima na kazi ya mitambo inakwenda vizuri. Mimi ni mzima isipokuwa mbavu mbili.

Kaka yako amefariki. Naandika hivi moja kwa moja kwa sababu sijui namna nyingine. Tarehe 19 Februari walinzi wa soko walikuja kuvunja vibanda. Alikataa kuwaachia mashine yake ya kuchomelea. Yule wanayemwita Msumari alimpiga nondo ya kichwa, na alipoanguka, wanne waliendelea kumpiga mpaka akaacha kujikinga. Nilijaribu kumlalia, ndizo mbavu hizo. Msumari anadai kibanda kilimwangukia. Shauri litasikilizwa tarehe 28.

Mama Cherehani, fundi nguo wa kibanda cha pili, alirekodi yote kwa simu, akanitumia kabla hawajakibomoa kibanda chake, simu ikiwa ndani. Flashi niliyompa karani wa mahakama ilipotea mezani pake siku hiyo hiyo. Nikaiweka video kwenye seva, ile kompyuta ya kuhifadhia uliyonifungia sebuleni kwa ajili ya mitihani ya zamani. Kwangu ilionekana. Karani alipofungua, hakuona kitu. "Mwalimu," akasema, "hapa peupe tu. Umeota?"

Nilikagua mipangilio, nikakuta kosa. Seva imeandikiwa anwani ya IP 192.168.1.20, ilhali kampuni ya intaneti ilitupa nyingine kabisa. Nyumba moja haiwezi kuwa na anwani mbili. Nikasahihisha. Tangu hapo hata mimi siioni.

Nieleze. Barua pepe zangu zinasomwa. Jibu mpe dereva wa lori aliyekuletea hii.

Baba yako

9 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima wa mwili tu. Umemzika kaka yangu, na mimi naambiwa na dereva wa lori, aya ya pili, baada ya mbavu. Nilikaa sakafuni stoo ya kazini mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimeibiwa. Hilo tutagombana siku nyingine.

Sasa sikiliza. Anwani zote mbili ni sahihi. Ile ya kampuni ni ya ruta, lile boksi la ukutani. Seva iko nyuma ya ruta, na humo ndani inajulikana kwa 192.168.1.20 tu. Ukiipa anwani ya ruta, inajitafuta haijioni, inagoma kuwaka. Rudisha ulichofuta. Umemkosesha mtu aliyepata, Mwalimu.

Tatizo lenyewe ni hili: kampuni ilikubadilishia ruta baada ya mimi kuondoka, sivyo? Hiyo mpya haijui kuwa nyuma yake kuna seva. Anayetoka nje anaishia kwake. Fungua ukurasa wa ruta, sehemu ya kuelekeza poti, yaani milango ya mtandao, andika: poti 443 iende 192.168.1.20. Bonyeza Hifadhi. Na usijaribu kwa kompyuta ya nyumbani, itakudanganya kama ilivyokudanganya mwanzo. Mtu atoke nje, atumie mtandao wa simu yake.

Ikifunguka, Baba, watajua iko kwako. Funga mlango.

Bintiyo

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Usiucheke mwandiko huu. Ni wa mkono wa kushoto.

Nilifanya ulivyosema. Mama Cherehani alisimama kituo cha basi na simu ya kuazima, akapiga kelele nikamsikia mpaka ndani: "Imefunguka!" Kufika saa nane mchana soko zima lilikuwa limeiona. Saa tisa Msumari aliupiga mlango teke.

"Mzee, sinema iko wapi?"

"Mtu hupiga hodi kwanza," nikamwambia.

Walicheka wote. Kisha akaulaza mkono wangu wa kulia mezani, mmoja akakikalia kiwiko, naye akapiga kwa nyundo: kidole, kidole, kiganja. Nililia. Sitaki udhani sikulia. Ndipo alipoiona ruta ikimetameta ukutani. "Kumbe iko hapa!" Akaing'oa, akaiponda mpaka ikawa vipande. Seva ilikuwa kabatini, chini ya madaftari ya wanafunzi. Hawakuigusa.

Kabla ya kuondoka waliitazama tena video waliyokuwa nayo kwenye simu. Humo kuna mwanamke anayelia: "Mwacheni, ni mtoto wa Mwalimu!" Msumari akatega sikio. "Sauti hii naijua," akasema. "Ndiyo iliyonishonea suruali."

Nimenunua ruta nyingine. Poti nimeielekeza kama mwanzo. Seva inawaka, lakini haionekani hata humu ndani.

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo.

Sitakuuliza hali. Mkono huo ndio ulioushika wangu nikijifunza kuandika.

Kila ruta hugawa namba zake. Tazama karatasi iliyobandikwa chini ya hiyo mpya. Nadhani inaanza na 192.168.0. Seva yako imebaki kwenye 192.168.1, kwa hiyo hawasikilizani. Iandikie seva 192.168.0.20, na kwenye kuelekeza poti andika hiyo hiyo.

Lakini usibonyeze Hifadhi. Sauti iliyomo si yako wala yangu, na tukiifuta, wakili wao atasema video imechezewa. Muulize Mama Cherehani mwenyewe. Maisha yako yote umesahihisha watu bila kuwauliza. Safari hii uliza, Baba.

Bintiyo

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Naomba barua hii ikukute salama.

Nilichelewa. Walimfikia kabla yangu. Walitumia mkasi wake mwenyewe. Vidole viwili vya mkono wa kulia havipo, na sikio limeshonwa, anasema yeye, "kama gunia."

Nilimkuta hospitali. Nikamweleza kwamba namba zote zimekaa sawa, kwamba kimebaki kitufe kimoja, na kwamba akitaka nitaiacha ilivyo.

"Mwalimu, hicho kitufe kinabonyezwa kwa vidole vingapi?"

"Kimoja."

"Basi nina akiba."

Mchana huu amekuja, dereva wa lori akimshika bega. Ameketi kwenye kiti cha kaka yako, akabonyeza. Dereva alikwenda kituo cha basi na simu yake. Aliporudi aliinamisha kichwa kwamba ndiyo, akafuta uso.

Sasa anamtoa Mama Cherehani kwa mlango wa nyuma, ampeleke kwa wakili wetu, kisha akuletee barua hii. Mimi nabaki. Hawatakosea boksi mara ya pili, na ni lazima mtu akae kati yao na kabati mpaka kesho hakimu aketi na kuifungua video. Mlango wa mbele nimeufunga kama ulivyoniagiza. Pikipiki mbili zimezima injini nje.

Hakimu ameahidi kuamua kesho hiyo hiyo. Akishaamua nitakuandikia, kwa mkono wowote utakaokuwa umebaki.

Baba yako