Nimewaambia Juu ya Eterniti

Patron,

Ni mimi Muhindo, uliyenifundisha kufunika nyumba, yule uliyesema ana mikono miwili ya kushoto. Mikono ingali ile ile. Kilichobadilika ni tumbo: linanitangulia kwenye ngazi, na vijana wa chantier, pale tunapojenga, wanaishika ngazi watatu. Ungecheka mpaka... hapana, ungekohoa. Basi tuanze na hilo.

Nimevunja ahadi yangu. Nimewaambia.

Unakumbuka dokta wa Beni alivyoinua picha ya kifua chako dirishani. Hakuuliza ulikula kwa nani. Aliuliza kazi. Ulipomwambia kwamba maisha yote tulikata kwa msumeno eterniti, zile bati za zamani za saruji ya kijivu, alikaa chini. Alisema ndani ya saruji ile mna nyuzi nyembamba; ukikata zinaruka na vumbi, zinaingia kwenye mapafu na hazitoki. Zinakaa miaka na miaka, kisha kansa. Mimi nilikuwa mlangoni na kofia yako mkononi. Nikauliza, mjinga mimi, na yale maziwa? Kwa maana kila jioni tulikunywa chupa moja, nusu wewe, nusu mimi. "Kunywa, Muhindo, maziwa inashukisha vumbi." Dokta akasema maziwa yalienda tumboni, vumbi lilienda kwingine. Ukageuka ukaniangalia. Nilidhani umechoka tu.

Tukirudi Butembo ukaniambia: "Usiambie batu. Nyumba yote tulifunika mu muji huu, batalala wapi? Baache banizike kama fundi." Nikakubali. Nilifikiri kunyamaza ni kazi moja ambayo hata mimi siwezi kuiharibu.

Lakini patron, nyumbani kwetu mtu hazikwi bila kutafutiwa muuaji. Walikumbuka kwamba ulianza kukohoa baada ya ndoa ya Kalunguta, ambako mdogo wako Paluku alikumiminia pombe ya ndizi kwa mkono wake. Donc, sumu. Siku ya mazishi walimzuia kutupa udongo. Mzee mzima, amesimama nje ya ua, udongo umemkaukia kiganjani. Mimi nilikuwa na mpauro mkononi, koleo la kufukia kaburi. Niliangalia viatu vyangu. Akahamia Beni kwa binti yake, na watoto wako wakaacha kupokea simu zake.

Jumapili iliyopita tulitoa matanga, kufunga maombolezo yako. Mvua ilikuwa imepiga, uani matope matupu, na Mama Kahambu, mjane wako, aliogopa wageni watateleza. Basi mwanao Kambale akafanya ulivyotufundisha sote: akavuta vile vipande vya eterniti ulivyopanga nyuma ya jiko, akaanza kuviponda kwa nyundo ili avimwage uani. Njia ngapi tulitengeneza hivyo, tukijisifu kwamba tumeshinda matope. Wajukuu wako walikuwa wamechuchumaa kando yake, wakichota ule unga kwa vikopo, wanacheza kusonga bugali. Masika, yule mdogo, alikuwa amejipaka uso mzima. Mweupe, patron. Kama sisi tukitoka kazini.

Nilimshika Kambale mkono. Nikasema yote, na sauti yangu unaijua, kama ya mbuzi aliyefungiwa. Dokta, picha, msumeno. Kwamba paa likiwa zima waliache, wasilikate wala kulitoboa. Vipande vilowanishwe maji, vifungwe kwenye plastiki, vizikwe mbali na watoto. Masufuria yalikuwa motoni na hakuna aliyeyakoroga. Mama Kahambu alipangusa mikono yote miwili kwenye kitenge chake, akauliza swali moja: "Na Paluku, ulimuacha hivi hivi?"

Kambale akatoa simu, akampigia Beni.

Alhamisi Paluku alifika. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Kambale alimfuata mpaka barabarani, akambebea mfuko wake. Alitupa udongo wake kwenye kaburi lako, konzi moja, kisha akainama akachukua nyingine. Watoto wako aliwasalimia wote. Mimi alinipita. Ana haki.

Sasa nimeelewa ulichokuwa unakiangalia pale kwa dokta. Asubuhi nakohoa kidogo, patron. Mke wangu anasema ni tumbo linasukuma mapafu. Jumanne naenda Beni kupigwa picha, kama barabara itaturuhusu, na Kambale atapigwa pia, maana alishika msumeno pamoja nasi.

Itakachosema picha, nitakisema nyumbani siku ile ile, mbele ya wote. Hilo nakuahidi, na hili sitalivunja. Nina shemeji anayepika vibaya sana. Nikifa nimenyamaza, watamfukuza yeye, naye kosa lake ni chumvi tu.

Lala, patron. Paa la jiko lako hatukuligusa. Jioni bado nanunua ile chupa ya maziwa. Nakunywa nusu, halafu nakaa nayo.

Muhindo wako