Pampu Iliyolia Kama Ndama

Hadado, Jumanne, baada ya magharibi

Bado naisikia kichwani. Pampu ya usukani wa pikapu yangu inavuja, na kila nikikata kona inalia, mikono inaniuma. Fundi alikuwa aifunge mpya kesho.

Lakini leo ngamia wa jirani yangu Halima, aliyekataa kukamuliwa tangu ndama wake afe, aliisikia akaja mbio, akanusa boneti taratibu, macho yamelegea. Maziwa yakashuka.

"Wallahi mwalimu, zungusha tena! Amekubali!" Halima akaniita huku akikamua.

Nikazungusha usukani gari limesimama, injini inanguruma, kushoto, kulia, mpaka sufuria ikajaa povu. Watoto wa Halima wamechoka na chai ya rangi.

Najua pampu hii itaniacha njiani siku moja. Pampu mpya nimeisukuma chini ya kitanda.