Vizunguko vya Zuhura na Wivu Wangu

Jumapili, Junda. Manyunyu tangu alfajiri, nguo zimeanikwa sebuleni na nyumba nzima yanuka unyevu. Leo nina wivu. Nauandika mapema nisije nikaukwepa.

Namwonea wivu Zuhura, rafiki yangu.

Tulisoma fizikia pamoja chuo kikuu, na mradi wa mwaka wa mwisho tuliufanya wawili. Ulihusu kimiminika kilichopozwa hadi karibu na mwisho kabisa wa baridi, kikatandazwa chembamba kama utando. Ukikikoroga, huzaa vizunguko vidogo vidogo, vyote vya nguvu sawa, vingine vikizunguka kulia, vingine kushoto. Cha kulia kikigongana na cha kushoto, vyote viwili hutoweka. Lakini vya upande mmoja hukusanyika, na kutokana na vurugu ile huzuka mzunguko mkubwa uliotulia. Kimiminika chenyewe hatukuwahi kukiona. Tulikiunda kwa hesabu, ndani ya kompyuta yangu iliyokuwa ikizimika ovyo.

Kisha tukaomba nafasi kwa profesa mmoja wa Ulaya. Zuhura akachukuliwa. Mimi nafundisha kidato cha tatu.

Watu huwa nawaambia nilibaki kumtunza mama. Mama wakati ule alikuwa mzima wa afya, akipika biriani za harusi mtaa mzima.

Nilibaki kwa sababu sikuchukuliwa.

Ijumaa Zuhura alinitumia makala yake ya kwanza pamoja na programu ya hesabu zake, akaandika, "Nisomee kabla sijaipeleka jaridani Jumatatu. Jicho lako nalijua." Jana asubuhi jicho langu likaona kosa. Hesabu zake zimo ndani ya mraba ambao kingo zake zimeunganishwa: kizunguko kikitoka kwa ukingo wa kulia huingia tena kwa ukingo wa kushoto. Humo hakuna pa kutorokea. Vikianza sawa kwa sawa na kufa viwili viwili, lazima vibaki sawa hadi mwisho. Kwenye mchoro wake, vinavyozunguka kushoto vilikuwa vimezidi.

Vilizidi kidogo tu, lakini mkaguzi yeyote wa jarida angeliona kosa.

Nikapika chai. Nikaimba jikoni. Sikumwambia kitu.

Leo saa nne mamake Zuhura, ambaye ni jirani yetu, alibisha hodi na sahani ya mahamri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze, Zuhura asoma nini huko? Kila harusi naulizwa, nami nasema asoma maji."

Nikamweleza. Nilianza kwa uvivu, nikajikuta nachora vizunguko nyuma ya daftari la mwanafunzi. Alisikiliza kwa makini, kisha akacheka. "Basi nawe wayajua yote! Na mbona hukwenda?"

Nikafungua kinywa nimtaje mama. Nikashindwa.

"Sikuchukuliwa," nikasema.

Hakunipa pole. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akanisogezea sahani.

Alipoondoka nikafungua programu ya Zuhura, nikiwa nataka kuona alipokosea. Nitasema kweli: nilitaka kupaona kwa macho yangu. Nikashuka mstari kwa mstari hadi sehemu inayohesabu vizunguko. Inaruka vilivyo ukingoni. Na juu ya mistari ile kuna maelezo kwa Kiswahili: "Ukingoni usihesabu, hapana haja."

Ni maneno yangu. Mistari ile niliiandika mimi.

Katika mradi wetu chombo kilikuwa na kuta, tukakubaliana kuacha vilivyogusa ukuta. Zuhura alibadilisha chombo, hakubadilisha mistari yangu. Siku nzima nilikuwa nikifurahia kosa langu mwenyewe.

Nilirekebisha, nikaendesha upya. Adhana ya adhuhuri ilipita sikuisikia. Vya kulia na vya kushoto vikalingana. Tena makundi yaliyokuwa yamekatwa na ukingo yakaungana, yakawa makubwa kuliko Zuhura alivyodai. Makala yake sasa ni nzuri zaidi, na mimi ndiye niliyeifanya nzuri.

Hilo nalo liliniuma.

Nikampigia Zuhura, nikamweleza kosa lilipo na nilivyolirekebisha.

"Umelijua tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

"Na ulikuwa wangoja nini?"

Ningeweza kusema nilikuwa nikihakikisha. "Nilingoja uipeleke vilevile," nikasema. "Nilitaka uaibike."

Nikasikia anavuta kiti, akakaa.

"Wallahi umeniumiza," akasema. "Nilikutumia wewe kwa sababu hapa sina mtu wa kumwamini." Kisha akaongeza, "Nitumie ulichorekebisha."

Nikamtumia. Magharibi ndipo akajibu, kwa maandishi: "Nimeendesha mara tatu. Uko sawa. Jina lako litakuwamo kwenye makala. Sikufanyii hisani. Kazi ni yako. Yale mengine tutayazungumza, si leo."

Nilipaswa kulia kwa shukrani. Nilipomsomea mama ujumbe ule, akaniuliza mbona sifurahi; nilikuwa hata sijatabasamu. Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba jina langu litakuwa la pili.

Nilikaa na wazo hilo mpaka likaniaibisha. Halijaondoka. Sijui kama huondoka.

Nimemjibu asante, na samahani. Nikamwomba aandike majina yangu yote matatu.