Sampuli ya Kumi na Nne

Jumatatu, 2 Juni

Maabara tangu saa mbili. Nimesaga majani kumi na matatu ya msitu wa Rau, kila aina na chupa yake ya spiriti. Tunatafuta linaloua bakteria. La kumi na nne nimeliingiza kimyakimya. Jani la Bibi, la kando ya mfereji kule Old Moshi. Mwaka jana alikuwa akilichemshia kidonda cha mguu wa Baba. Nikamwaga chungu chake nje, mbele ya majirani, nikasema uchafu huu utamuua mwanao. Bibi akaokota chungu, akaingia ndani. Baba akatumia dawa za hospitali wiki tatu, akafa.

Naomba jani lishindwe.

Jumanne, 3 Juni

Nimechovya vikaratasi kwenye kila chupa, nimevipanga sahanini juu ya bakteria wa usaha. Sahani zimeingia kabati la joto. Chumba kizima kinanuka chungu kile. Nimefungua madirisha yote. Neema, mwenzangu wa maabara, anasema hasikii harufu yoyote.

Jumatano, 4 Juni

Nimeanza na kumi na nne. Duara safi kuzunguka kikaratasi. Bakteria wamekufa. Chai imenishinda.

Baadaye nikaona zote zina duara, hata kikaratasi cha spiriti tupu. Mjinga mimi, sikusubiri vikauke. Iliyoua ni spiriti. Nimefurahi mpaka nikaona aibu. Narudia zote.

Ijumaa, 6 Juni

Safari hii vilikauka kabisa. Spiriti tupu, hakuna kitu. Rau, hakuna kitu. Kumi na nne, duara la milimita kumi na tano. Nimepima mara nne. Neema akasema, "Hongera dada, sasa mbona unalia?"

Sahani si mguu wa mtu. Najua. Lakini Baba amesimama mlangoni na bandeji yake tangu asubuhi, na haingii.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nimepanda Old Moshi. Nimekata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikalifunga fundo. Kwetu ndivyo anavyokuja mwomba msamaha, na ukiletewa jani hilo hukatai.

Bibi alikuwa akimenya ndizi. Shikamoo. Marahaba. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, mpaka milimita. Akalipokea. Akaliweka mapajani.

Kisha akainuka, akaenda mpakani polepole, akarudi na isale lingine. Amelifunga fundo. Akaninyooshea mimi.

"Jani lile nilikuwa nalijua," akasema. "Nikaona wewe umesoma, nikanyamaza. Na alikuwa mwanangu."

Nimelipokea. Tumemenya ndizi zilizobaki.